Wapolandi Walikuwa Maharamia Kama Sisi, Kisha Wakajifunza Kuuza

Wacha nianze na kosa langu, ndiyo mjue hii stori haitoki kwa mtakatifu.

Miaka miwili iliyopita rafiki yangu tuliyesoma naye sekondari alimaliza gemu yake ya kwanza. Gemu ya simu. Unasukuma mkokoteni kutoka Marikiti ukiwa umebeba magunia ya viazi, unahepa matatu, unahepa kanjo, unahepa mashimo. Ukifika Eastleigh viazi vikiwa bado viko, umeshinda. Alikuwa ameitengeneza miezi kumi na moja, usiku, kwa laptopu yenye skrini iliyopasuka kona moja. Akaiuza soo. Unamtumia mia moja kwa M-Pesa, anakutumia faili, unacheza.

Mimi nililipa mara moja. Hata nilijisikia vizuri, kama mtu aliyetoa sadaka. Halafu usiku huo huo, kwa furaha zangu, nikachukua ile faili na kuitupa kwenye gurupu la WhatsApp la mtaa. Nikaandika: "Wasee, gemu ya boyz wetu hii, ichezeni." Gurupu lilikuwa na watu 240.

Waliicheza, manze. Kwa wiki nzima ungesikia mlio wa ule mkokoteni kwa kinyozi, kwa stage, hata kanisani nyuma. Kila mtu alimsifu. Na hakuna hata mmoja aliyetuma soo. Yeye kwa jumla aliuza nakala 31. Alipogundua faili ilitoka wapi hakunitusi. Aliniambia tu, "Si ulinisaidia kutangaza, buda." Alisema hivyo kwa upole, na ule upole ndio ulioniuma. Hajatengeneza gemu nyingine tangu hapo.

Nilijitetea kichwani kwa muda mrefu. Kwani mimi ndiye wa kwanza? Sisi wote tumekua hivyo. Kibanda cha PS cha mtaa wetu kilikuwa mbao kwa mechi, na hakukuwa na diski hata moja halali mle ndani. Diski zilitoka tao zikiwa kwa karatasi ya plastiki, jina limeandikwa kwa kalamu. Hakuna mtu aliyetuambia kuna binadamu mahali fulani alitengeneza kile kitu na anakula kutokana nacho.

Kisha nikakumbuka gemu iliyoninyang'anya likizo nzima ya Desemba: The Witcher 3. Nayo nilikuwa nimeipata bure kwa flashi ya mtu. Mwisho wa gemu majina ya watengenezaji yalipita kwenye skrini, nikaona yanaishia -ski, -cki, -icz, -ski tena. Nikajiuliza hawa ni watu wa wapi. Ni wa Polandi. Nikaanza kusoma historia yao, na nilichokuta huko ndicho kimenifanya niandike haya. Kizazi cha watu walioanzisha soko la gemu la Polandi kilikua kwa nakala za wizi kama mimi na wewe. Wengine walikuwa ndio wauzaji wa zile nakala.

Nchi isiyokuwa na duka la gemu

Turudi miaka ya 1980. Polandi ilikuwa chini ya serikali ya kikomunisti hadi 1989. Nchi za Magharibi zilikuwa zimeweka vikwazo vya kuuza teknolojia kwa nchi za upande ule, na pesa ya Polandi, zloti, haikununua kitu nje. Ukitaka kompyuta ulikuwa na njia chache. Uwe na ndugu ughaibuni akuletee. Au uwe na dola, uende kwenye maduka ya serikali yaliyoitwa Pewex, ambayo yaliuza bidhaa za nje kwa pesa za kigeni. Kompyuta za Atari ziliuzwa huko. Kwa familia ya kawaida hiyo ilikuwa akiba ya miezi na miezi.

Lakini vijana walikuwa na kiu. Mwaka 1985 lilianza jarida la kompyuta, Bajtek, na watu waliosoma kuhusu kompyuta walikuwa wengi kuliko waliowahi kugusa moja. Na sikiliza hii: programu zilikuwa zinatangazwa kwenye redio. Sifanyi mchezo. Kompyuta za wakati huo kama ZX Spectrum, Commodore na Atari zilihifadhi programu kwenye kaseti za kawaida, zile za muziki, kama sauti. Kwa hivyo kituo cha redio kingecheza ile sauti, kelele ya kukwaruza masikio kwa dakika kadhaa, na wewe nyumbani unarekodi kwa kaseti yako. Ukimaliza unaiingiza kwa kompyuta. Mvua ikinyesha au mtandao wa redio ukikohoa, programu imeharibika, subiri wakati mwingine. Hiyo ndiyo ilikuwa kudownload ya wakati huo.

Gemu zenyewe zilitoka wapi? Kwa kunakili. Na hapa kuna kitu muhimu: haikuwa hata wizi kwa maana ya sheria. Sheria yao ya hakimiliki ilikuwa ya mwaka 1952, wakati hakuna aliyefikiria kwamba programu ya kompyuta ni kazi ya mtu kama kitabu. Hakukuwa na muuzaji rasmi wa gemu za nje, kwa hivyo hakukuwa na mtu wa kulalamika. Wikendi watu walikusanyika kwenye soko la kompyuta. Lililojulikana zaidi Warsaw lilikuwa kwenye jengo la shule, mtaa wa Grzybowska. Unaingia na kaseti tupu na pesa kidogo, unatoka na gemu. Piga picha ya Luthuli Avenue, lakini ndani ya darasa.

Katikati ya hayo yote kuna waliojaribu kutengeneza. Mwaka 1986 Marcin Borkowski alitoa Puszka Pandory, gemu ya maandishi matupu ya ZX Spectrum. Inatajwa kuwa gemu ya kwanza ya Kipolandi kuuzwa kibiashara. Haikumtajirisha mtu. Katika nchi ambapo kila kitu ni cha bure, nani alipe?

Barua kwenda Ugiriki

Kwenye lile soko la Grzybowska kulikuwa na kijana wa shule anayeitwa Marcin Iwiński. Yeye mwenyewe amesimulia stori hii mara nyingi. Aliona jina la mtu wa Ugiriki kwenye jarida, akamwandikia barua akimwomba amnakilie gemu iliyoitwa Target Renegade, na ndani ya bahasha akaweka kaseti tupu. Wiki kadhaa baadaye kaseti ikarudi ikiwa na gemu. Gemu ilikuwa mpya kabisa, hakuna mtu Warsaw aliyekuwa nayo. Akaipeleka sokoni, na kwa siku chache yeye ndiye alikuwa mfalme wa pale.

Nilipoisoma hiyo nilicheka, kwa sababu namjua yule kijana. Ni mimi na ile faili ya mkokoteni. Raha ni ile ile: kuwa wa kwanza kuleta kitu kwa watu wako. Sikuwa nataka kumwibia rafiki yangu, nilitaka kuwa yule msee aliyeileta.

Tofauti ni alichofanya Iwiński na ile raha. Sekondari alikuwa na rafiki, Michał Kiciński, na hao wawili walikuwa wakihepa masomo ili wacheze gemu. Baada ya ukomunisti kuanguka na mipaka kufunguka, walianza kununua gemu za CD kutoka kwa muuzaji wa jumla Marekani na kuziuza Polandi. Mwaka 1994 wakasajili kampuni, CD Projekt. Ofisi yao ya kwanza ilikuwa chumba kwenye nyumba ya rafiki, bila kulipa nyumba.

Mwaka huo huo, Februari 1994, bunge la Polandi lilipitisha sheria mpya ya hakimiliki, na safari hii programu za kompyuta zilikuwa ndani. Kwa mara ya kwanza kuuza nakala ya gemu ya mwenyewe bila ruhusa kukawa kosa.

Wengi wakisimulia stori hii wanaishia hapo: sheria ikaja, maharamia wakakimbia, mwisho mwema. Haikuwa hivyo. Mfalme wa soko hakuwa polisi. Warsaw kulikuwa na uwanja mkubwa wa michezo uliochakaa, ukageuzwa kuwa soko la wazi kubwa ajabu, na ungepata diski za wizi pale miaka mingi baada ya 1994. Sheria ilikuwepo kwenye karatasi. Kama yetu tu. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda programu za kompyuta, na kibanda chetu cha PS kilinawiri miaka yote hiyo bila mtu kugonga mlango.

Kilichowasaidia kidogo mwanzoni ilikuwa ukubwa. CD moja ilibeba karibu megabaiti 650. Disketi ya kawaida ilibeba megabaiti 1.44. Kunakili CD nzima kungehitaji disketi zaidi ya 400, na mashine za kuchoma CD zilikuwa ghali mno. Kwa hivyo kwa miaka michache mtu aliyeuza CD halali alikuwa na kitu ambacho haramia hana. Halafu mashine zikashuka bei, na haramia akarudi akiwa na nguvu.

Jinsi ya kumshinda mtu anayeuza bei ya chini

Hapa ndipo kuna funzo lenyewe, kwa hivyo tulia.

Mwishoni mwa 1998 ilitoka gemu ya Baldur's Gate, iliyotengenezwa na studio ya Kanada iitwayo BioWare. Ni gemu ya hadithi, imejaa maandishi na mazungumzo. Ilikuja kwa CD tano. CD Projekt walitaka kuiuza Polandi, na walijua wapinzani wao sio kampuni nyingine. Mpinzani ni yule jamaa wa soko la uwanjani.

Wakakaa chini wakajiuliza: yeye hawezi kuwapa watu nini?

Jibu la kwanza lilikuwa lugha. Walitafsiri gemu nzima kwa Kipolandi, maandishi yote, kisha wakaajiri waigizaji ambao kila mtu nchini aliwajua kwa sauti. Mmoja wao alikuwa Piotr Fronczewski, mwigizaji mkongwe wa jukwaa na sinema. Kwa kijana wa kule hiyo ilikuwa kama wewe uwashe gemu ya kigeni na uisikie inaongea na wewe kwa sauti uliyokua ukiisikia kwa TV ya nyumbani.

Jibu la pili lilikuwa boksi. Ndani waliweka ramani, kitabu cha sheria za mchezo, na CD ya muziki. Vitu vya kushika. Jibu la tatu lilikuwa hesabu. Kwa sababu gemu ilikuwa diski tano, haramia alilazimika kuchoma diski tano kwa kila mteja, na bei yake ikapanda. Ukiongeza kidogo tu ungepata boksi zima, halali, lenye ramani.

Ilitoka Polandi mwaka 1999, na siku ya kwanza ziliuzwa nakala karibu 18,000. Hii ni nchi ambayo wataalamu walikuwa wakisema hakuna mtu anayelipia gemu.

Tafadhali elewa kilichofanyika. Hawakuwahubiria watu. Hawakuweka tangazo la kuwaita wanunuzi wezi. Hawakusubiri serikali ifunge soko. Walifanya kununua kuwe na utamu kuliko kuiba, kisha wakaweka bei ambayo mtu wa kawaida angeifikia. Iwiński na wenzake waliweza kuiona hiyo njia kwa sababu walikuwa wamesimama upande wa pili wa meza. Walijua mteja wa nakala ya wizi si mtu mbaya. Ni mtu ambaye hakuna aliyewahi kumuuzia vizuri.

Kutoka dukani hadi jikoni

Duka ndilo lililozaa studio. Baada ya Baldur's Gate walianza kufanya kazi ya kuhamisha gemu nyingine ya familia hiyo, Dark Alliance, ili ichezwe kwenye kompyuta. Kampuni mama ya nje ikaingia kwenye matatizo ya pesa, kazi ikafa katikati. Lakini tayari walikuwa na watu, mashine na hamu. Wakaamua kutengeneza yao.

Na walipotafuta hadithi hawakwenda mbali. Mwandishi wa kwao, Andrzej Sapkowski, alikuwa amechapisha hadithi fupi iitwayo Wiedźmin kwenye jarida la Fantastyka mwaka 1986. Ni ya Geralt, mwindaji wa mazimwi anayelipwa kwa kila zimwi. Vitabu vilivyofuata vilipendwa sana Polandi.

Injini ya gemu, yaani ule mfumo wa ndani unaoendesha kila kitu, waliipata kutoka BioWare, wale wale Wakanada waliowatafsiria gemu yao vizuri. BioWare pia waliwapa nafasi kwenye sehemu yao ya maonyesho makubwa ya gemu Marekani mwaka 2004. Ukimuuzia mtu kazi yake kwa heshima, kesho anakufungulia mlango.

The Witcher ikatoka Oktoba 2007. Mwaka 2011 ikaja ya pili, na Donald Tusk, waziri mkuu wa wakati huo, akampa Barack Obama nakala kama zawadi alipotembelea Warsaw. Ya tatu ikatoka Mei 2015, na kufikia 2023 kampuni ilitangaza kwamba imeuza zaidi ya nakala milioni 50. Polandi ina watu chini ya milioni 40. Hata kila mtu kule, hadi mtoto mchanga na nyanya yake, angenunua moja, hesabu isingefika. Soko la nyumbani liliwafundisha kazi. Dunia ndiyo iliyowalisha.

Na kumbukumbu ya uharamia haikuwatoka. Mwaka 2008 walifungua duka la mtandaoni, GOG, la kuuza gemu za zamani bila kufuli yoyote. Ukinunua ni yako, weka popote. Watu walidhani wamerukwa na akili. Lakini mtu aliyekua kwa nakala za wizi anajua siri moja: kufuli humsumbua aliyelipa peke yake. Aliyeiba anapata toleo ambalo kufuli lilishavunjwa.

Hawakuwa peke yao. Techland, iliyoanzishwa na Paweł Marchewka mwaka 1991, nayo ilianza kwa kuuza programu kabla ya kutengeneza gemu kama Dead Island na Dying Light. Halafu kuna 11 bit studios, ambao mwaka 2014 walitoa This War of Mine. Gemu hiyo ni ya vita, lakini wewe si askari. Wewe ni raia uliyejificha kwenye nyumba iliyobomoka, unatafuta dawa na chakula, na unaamua kama utawaibia wazee wa nyumba jirani. Ilichukua mengi kutoka mji wa Sarajevo ulipozingirwa miaka ya 1990. Mwaka 2020 serikali ya Polandi ilitangaza kwamba itaingia kwenye orodha ya kazi zinazopendekezwa kwa wanafunzi wa sekondari. Gemu, pamoja na vitabu. Wazazi wetu wakisikia hiyo watatafuta kiti.

Usiweke hawa watu mbinguni

Najua kuna mtu tayari anaandika kwamba nawasifu wazungu. Subiri.

Sapkowski aliuza haki za hadithi yake kwa pesa taslimu, akakataa asilimia ya mauzo, kwa sababu hakuamini gemu ingefika popote. Mwaka 2018 mawakili wake waliirudia kampuni wakidai zaidi ya zloti milioni 60. Desemba 2019 wakakubaliana mkataba mpya. Kama wewe ni mwandishi au mchoraji, isome hiyo aya mara mbili.

Na Desemba 2020 CD Projekt walitoa Cyberpunk 2077 ikiwa haijaiva. Kwenye PS4 ilikuwa aibu. Wiki moja baadaye Sony waliitoa dukani na kurudishia watu pesa, na haikurudi hadi Juni 2021. Kabla ya hapo wakubwa walikuwa wameahidi hawatawalazimisha wafanyakazi kufanya kazi kupita kiasi, kisha Septemba 2020 wakaamuru siku sita kwa wiki. Walioanza kama vijana wa sokoni walikuwa sasa ni wakubwa wa kampuni, na walifanya wanavyofanya wakubwa wa kampuni.

Pia walikuwa na bahati ambazo sisi hatuna. Waliingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004, masoko ya majirani matajiri yakawa mlangoni. Hayo huwezi kuyaiga kwa bidii peke yake.

Mwaka 2007

Lakini kuna mwaka mmoja ambao hautoki kichwani mwangu.

Mwaka 2007, ule ule The Witcher ilipotoka, Mkenya anayeitwa Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya 3D ya kompyuta iliyotengenezwa hapa Nairobi. Baadaye yeye na Eyram Tawia wa Ghana waliunda Leti Arts. Na Machi 2007, miezi michache tu kabla ya Geralt kutoka Warsaw, Safaricom walizindua M-Pesa.

Angalia meza ilivyokuwa imeandaliwa. Sheria ilikuwepo. Njia ya kulipa kwa simu, kitu ambacho wale wa Grzybowska hawakuwahi kuota, ilikuwepo. Mtengenezaji alikuwepo. Wachezaji walikuwa wamejaa kwenye vibanda kila mtaa, wakitoa mbao baada ya mbao. Niulize mimi mwaka ule, au mtu yeyote kibandani kwetu, kuhusu Nyangi. Hakuna aliyekuwa amesikia. Tulikuwa tunacheza mpira wa Ulaya kwa diski ya wizi, dakika tano kutoka kwa mtu ambaye angeweza kutuuzia kitu cha kwetu.

Kila mara tukiongea kuhusu gemu Kenya tunaongea kuhusu talanta. Talanta iko, talanta ikuzwe, serikali isaidie talanta. Mimi nafikiri tunakosea mahali. Polandi haikuanza na mtengenezaji mkubwa. Ilianza na watu wawili waliojua kuuza, waliokaa miaka 13 kati ya kusajili duka na kutoa gemu yao ya kwanza, wakijifunza mteja wao anataka nini, analipa ngapi, na anaongea lugha gani. Sisi tuna watengenezaji waliokaa gizani na wachezaji waliokaa kibandani, na katikati hapana mtu. Hakuna anayefanya kazi ya Iwiński: kuchukua gemu, kuipa sauti ya mtu tunayemjua, kuiwekea bei ya mtaa, na kuifikisha mahali watu tayari wanatoa pesa.

Na mwenye kibanda tayari anajua nusu ya hiyo kazi. Mbao kwa mechi ni mfumo wa malipo. Ni sisi tu hatujauheshimu.

Nilichofanya

Mwezi uliopita nilimtafuta rafiki yangu. Tulikaa kwa mama chapo, nikamsimulia yote haya, Grzybowska, ile CD ya muziki, zile nakala 18,000. Nikamwambia mimi sijui kuandika programu hata mstari mmoja, lakini nina watu wanaonisoma na najua kuongea. Nikamwambia tuitoe tena ile gemu ya mkokoteni. Tutafute makanga mwenye sauti ile ya kukuamsha, arekodi maneno yote. Tuiweke kwenye vibanda vitatu, mwenye kibanda achukue sehemu yake. Mimi nitauza.

Alinisikiliza hadi mwisho, akafuta mikono. Akasema, "Anza na wale 240."

Kwa hivyo nilirudi kwa lile gurupu. Niliandika kwamba ile faili niliyowatumia haikuwa yangu kuwatumia, kwamba ilikuwa ya soo, na kwamba mwenyewe aliuza nakala 31 baada ya miezi kumi na moja ya kazi. Nikaweka namba yake. Kuna walionicheka. Kuna mmoja alitoka kwa gurupu. Mwingine akauliza kama kuna toleo jipya lenye njia ya Gikomba, nikamwambia akilipa hili la kwanza nitamuuliza.

Jioni hiyo watu 19 walikuwa wametuma. Leo asubuhi nilimuuliza, akaniambia wamefika 43. Halafu akaniuliza yule makanga anataka kulipwa ngapi.